Kazi Ngumu ya Miss Palmer

Wakati wetu, sisi tulioletwa London tukiwa na miaka kumi na tatu, Kiingereza kilituingia kwa jasho. Ukitumwa dukani Wembley unakariri njia nzima, ukifika mbele ya muuzaji yote yamepotea, unabaki kuonyesha kwa kidole.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Miss Palmer, alikuwa na utaratibu wake. Darasa letu lilikuwa la kawaida, watoto wa kila aina, lakini aliyetaka kazi ngumu zaidi alipewa humo humo bila kuhamishwa: vitabu vinene, insha ndefu, na mwisho wa mwaka insha moja ya kusomwa mbele ya wazazi. Ukimaliza, cheti chako kinaandikwa kuwa umesoma kwa daraja la juu. Wallahi nilikitaka cheti kile. Nilikuwa nimechoka kuonekana mgeni asiyejua kitu. Sharti lilikuwa moja tu, mzazi atie saini kabla ya Ijumaa kwisha.

Nilipomsomea Mama barua, kwamba nitaongezewa kazi, uso ukambadilika. Skuli aliyosoma yeye Unguja, anayeongezewa kazi ni mtoto aliyekosa adabu. Nilimweleza mpaka nikalia, akazidi kuamini kuna jambo namficha. Ijumaa asubuhi akavaa buibui lake jipya, akajaza kaimati kwenye bakuli, tukapanda basi kwenda kuniombea radhi. Loo, aibu niliyoiona siku ile! Darasa zima linachungulia mlangoni.

"Mwambie mwalimu wako," Mama akasema, "mtoto huyu nimemlea mwenyewe. Kama kakosa, anisamehe mimi."

Nikatafsiri. Miss Palmer hakucheka. Alisema taratibu, ili niweze kumfuata, kwamba sijakosa lolote. Kazi ile anawapa wanaoiweza, na mimi naiweza.

Nikamwambia Mama kwa Kiswahili. Akanitazama, akamtazama mwalimu, akaomba kalamu.

"Basi mpe nyingi," akasema.

Na nikapewa nyingi kweli. Mwaka mzima nilijifunga kibwebwe, meza ile ile na wenzangu, kamusi pajani. Siku ya kusoma insha sikubabaika hata kidogo. Mama hakuambulia sentensi moja, lakini alisimama wa kwanza, akapiga vigelegele mpaka ukumbi mzima ukageuka. Safari hii sikuona aibu. Cheti nilikipata, na kiko ukutani sebuleni mpaka leo.

Siku hizi skuli inatuma ujumbe kwenye simu, mzazi unabonyeza, kwisha. Watoto wetu unawasemesha Kiswahili, wanakujibu Kiingereza kinachoteleza, na ukurasa mmoja wa kusoma unawaumiza kichwa. Binti yangu juzi kaulizwa kama anataka kazi ya daraja la juu, kasema hapana, asante. Sikumgombeza. Nilimwonea huruma tu. Yeye Kiingereza kazaliwa nacho. Mimi changu nilikipigania, nikakishinda, na mama yangu akashuhudia.