Wimbo Ambao Baba Hakuweza Kuujua

Albamu ile nilipewa na rafiki niliyepanga naye chumba mtaa wa Ruharo, mjini Mbarara, katika mwaka wangu wa mwisho chuoni. Baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi.

"Wewe Mukongo, wacha rumba kidogo," aliniambia akiingiza kadi kwenye simu yangu. "Sikia vijana hawa. Wanapiga kama wazee."

Walikuwa vijana kweli. Pichani hakuna aliyeonekana kufika miaka thelathini, lakini walipiga roki ya miaka ya sabini kana kwamba waliikuta jikoni asubuhi hiyo: gitaa linalokwaruza, kinanda kinachonguruma chini kwa chini, ngoma zisizo na haraka. Niliipenda mara moja, na mara moja nikaanza kujiuliza kwa nini. Nilizaliwa Kivu Kusini muda mrefu baada ya miaka hiyo. Mtu anawezaje kutamani kurudi mahali ambapo hajawahi kufika?

Ijumaa hiyo, njia nzima kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nilirudia wimbo wa tatu. Kila gitaa lilipopanda, nilisahau kidogo kilichokuwa kinanipeleka nyumbani.

Jumatatu baba alikuwa na mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu. Mama na mimi tulikuwa kwenye faili lake. Kila mtu pale makazini alijua jinsi faili linavyokufa: leo unasema mlikimbia vita ya kwanza, kesho unasema ya pili, basi, hamuitwi tena. Kwa hiyo nilikuwa nimemwandikia baba karatasi yenye miaka yote, aikariri.

Jumamosi mchana tulikuwa uani tukichambua maharage. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikampa kisikilizio kimoja, nikabaki na kingine. Mikono yake ikasimama.

"Hii naijua."

"Haiwezekani, baba. Imetoka mwaka huu."

"Nani amekudanganya? Tulikuwa tunaipigaga kwetu Uvira, ku bar pale nilikuwa nabadilisha madiski. Ngoja. Sasa gitaa itapanda. Halafu itanyamaza, kinanda ibakie yenyewe."

Gitaa likapanda. Likanyamaza. Kinanda kikabaki peke yake.

"Unaona?" Alicheka hadi maharage yakamwagika. "Banyinyi ba universite munajua mingi, lakini hii, hapana!"

Mimi sikucheka. Nilimwonyesha picha ya vijana wale, jina la albamu na mwaka wake kwenye kioo cha simu. Akatikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa noti bandia. Nikamuuliza ghafla, "Baba, tulitoka Uvira mwaka gani?"

Akautaja mwaka ule ule wa kwenye karatasi, kwa sauti ile ile aliyotumia kuapa kwamba anaujua wimbo. Mwaka ule niliuandika mimi, lakini niliupata kwake. Mimi mwenyewe nilikumbuka nini? Beseni la kijani kichwani mwa mama. Kuku aliyefungwa miguu. Lakini hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba sijui tena kama niliyaona.

Jumatatu aliingia ofisini peke yake. Nilikaa kwenye benchi nje nikaufungua wimbo wa tatu. Gitaa lilipanda, mimi nikabaki palepale, nikiutazama mlango.

Alipotoka nilisimama. "Walikuuliza mwaka?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema sijui muzuri."

"Baba! Na karatasi?"

Aliitoa mfukoni, bado imekunjwa. "Nilifikiri ile wimbo yako. Kama imetoka mwaka huu, basi ile ya Uvira ilikuwa ingine. Na mimi nilikuwa naapa. Sasa nitaapa na miaka, mbele ya Mungu na ule mama wa ofisi?" Alikuwa shemasi, kiapo kwake hakikuwa mchezo. "Nikamwambia ile najua. Maharage ilikuwa katika maua. Na weye ulikuwa umeng'oka jino ya mbele. Ulililia jino njia yote. Nyumba hukuililia hata kidogo."

"Naye akasemaje?"

"Akaandika. Aliandika mingi sana. Akasema batatupigia simu."

Nilipitisha ulimi nyuma ya meno yangu ya mbele. Katika yote niliyodhani nakumbuka, jino halikuwemo.

Sikujua kama ubishi wangu wa Jumamosi ndio ulioliokoa faili au ndio ulioliua. Namba iliyoandikwa mle ilikuwa yangu, na simu ilikuwa imebaki na chaji kidogo.

Baba akanyoosha mkono. "Leta tena ile wimbo ya bale batoto."

"Itamaliza moto, baba. Na wakipiga leo?"

"Leo hawapigi."

"Umejuaje?"

Alifikiri. "Sijui," akasema, mkono wake bado umenyooka.

Nikampa kisikilizio kimoja. Kabla gitaa halijapanda, aliinua kidole.