Familia Kumi na Saba Nilizozifuta Asubuhi Moja

"Dada, kama kompyuta haisemi kitu juu ya mutu, ni muzuri ao ni mubaya?" Mama Kavira aliniuliza hivyo mbele ya watu wote, na mimi, niliyetoka chuo kikuu nikibisha kila kitu (hata urefu wa sala ya kufungua kikao), nilijibu nisilolijua. Hiyo ndiyo aibu yangu, afadhali muisikie kwangu.

Ilikuwa wakati wa vita, nikijitolea kwenye kamati ya wakimbizi huko Vulamba, mashariki ya Kongo. Kila familia ilikuwa na faili lake ndani ya folda ya mahali ilipo: Oicha, Beni, Kayna. Kila wiki disketi ilitoka Beni kwa pikipiki, nasi tuliilinganisha na ya wiki iliyopita kwa amri ya kompyuta niliyoandika mwenyewe, ikamwaga mistari isiyoisha kwenye kioo cheusi hadi mwenyekiti wetu, Papa Paluku, akachoka: "Lakini, Madame Kompyuta, hii ni litania ya watakatifu! Fupisha!"

Nikafupisha. Mafaili yasiyobadilika nikayaficha (nani anataka habari ya kitu kilichobaki vilevile?), yaliyofutwa (kwetu ndio waliokufa) nikayaweka juu, yaliyoongezwa chini, na yote yasizidi kioo kimoja, kitakachozidi kikatwe. Kilipendeza kweli.

Asubuhi ile ukungu uliingia hadi ukumbini, na mabenchi yalijaa watu wenye ndugu Oicha, ambako siku tatu hakukutoka habari. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Oicha. Zimefutwa kumi na saba," kisha majina. Hapo kioo kikaisha. Mimi ninayeshuku kila kitu sikuishuku kazi ya mikono yangu.

"E Nyamuhanga, Mungu wetu!" mama mmoja akaanguka, na ukumbi mzima ukafuata. Ndipo Mama Kavira akauliza swali lile, kwa kuwa Masika, mdogo wake aliyekuwa Oicha, hakutajwa.

"Ni muzuri, Mama. Hakuna kilichobadilika. Yuko salama."

Akaficha furaha yake ndani ya kitenge, akaketi kulia na wenzake. Moto ukawashwa uani, matanga yakaanza.

Kwetu mtu hafiki matangani akauliza maswali, analia kwanza. Kwa hiyo lori lilipoteremsha watu kwenye ukungu saa sita, walikuja wakiwa wamejifunika blanketi, wakaketi, wakalia. Mmoja alilia kando yangu hadi sauti ikamkauka, halafu akaninong'oneza: "Dada, tunalilia nani?"

Nikampa orodha niliyoinakili. Kidole chake kikashuka jina kwa jina, kikasimama.

"Huyu," akasema polepole, "ni mimi."

Nilipoinua macho, blanketi zilikuwa zinashuka moja moja, na chini yake zilikuwa nyuso za orodha yangu. Mama aliyeanguka asubuhi alimgusa mumewe sikio, taratibu, kama anayepima kama sufuria bado ni ya moto.

Walikuwa wamekimbilia Beni kabla ya kupanda lori kuja kwetu, na karani wa kule alihamisha mafaili yao kutoka folda ya Oicha kwenda ya Beni. Amri yangu ilihesabu kuhama kuwa ni kufutwa huku na kuongezwa kule, na "kule" ndiko nilikokata ili kioo kipendeze.

"Umezika familia kumi na saba," Papa Paluku akasema, "na hata koleo hapana!" Vicheko vikapasuka, na tangu siku ile wauza mihogo wakiniona hupiga yowe: "Madame, leo usinisome!" Nami niliapa sitaficha tena mstari hata mmoja, orodha iwe ndefu hadi Uganda.

Mama Kavira peke yake hakucheka. Alibaki nyuma ya lori, akimtazama usoni kila aliyeshuka, nami nikamwambia mara ya pili kwamba faili la Masika halijaguswa.

Miaka mingi baadaye yule karani wa Beni aliniambia kwa nini hakuligusa: kila aliyefika kutoka Oicha, yeye karani alimwuliza habari za Masika, na kila mmoja aliangalia chini, naye hakuwa na moyo wa kulifuta.