Pamba ya Mjusi

Sisi tuliolala juu ya pamba tunajuana, hata kama siku hizi wengine mnajifanya mlizaliwa kwenye magodoro. Nakumbuka, na leo nakumbuka kwa hasira, kwa sababu juzi wapangaji wenzangu hapa Bariadi wameniita kikao uani kwa ajili ya mjusi. Binti yangu Minza analea mjusi kafiri mchanga ndani ya kopo. Ametoka kwenye yai akiwa dhaifu, hata kutembea hawezi, na wenzangu wamesema atupwe, la sivyo wanamwambia mwenye nyumba. Na hao si wazungu. Ni wanawake wa rika langu, waliokulia vijijini kama mimi. Ndiyo maana naandika, niwakumbushe mlikotoka.

Kwetu Ipililo, msimu wa kuvuna pamba, stoo ilikuwa chumba cha watoto. Pamba ilianzia kona moja ikapanda mpaka usawa wa dirisha, na sisi tukapanda nayo. Unalala umezama. Unanusa jua, vumbi, majani makavu na ile harufu ya mbegu yenye mafuta kidogo. Asubuhi unafika mstarini kichwa kimejaa nyuzi nyeupe, mwalimu anakuuliza kama umezeeka usiku. Jioni tulicheza rede mpaka giza linatufukuza, tunarudi kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, kisha tunarukia kitandani kwetu kule juu. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni: "Oneni miguu hiyo. Mnataka tukauze udongo?"

Na mijusi ilikuwepo. Nani kati yenu hakulala nayo? Nyumba ya tofali za udongo ina nyufa, na kila ufa ulikuwa na mwenyewe. Tukiwasha koroboi walikuja kuizunguka ukutani, wanaokota mbu mmoja mmoja, tunawahesabia mabao kama mpira. Tuliambiwa mjusi akikukojolea unatoka mabaka. Tukaambiwa, tukalala.

Sasa, mwaka mmoja yai lilidondoka kutoka kwenye ufa likaangukia pamba niliyolalia. Yai dogo, jeupe, kama punje ya maharage. Nikaliacha palepale, na siku moja narudi shule nalikuta limepasuka. Ndani kuna kajusi kembamba kama kijiti cha kiberiti, kana madoadoa mgongoni, macho makubwa kuliko kichwa. Ngozi ya yai imekagandia mwilini, vidole vimeshikana. Nilikapeleka kwa Mayu kwenye kiganja.

"Kabula, hako kameshakufa," akasema. "Kape kuku."

"Kanapumua, Mayu. Angalia koo."

"Basi kape kuku haraka, kasiteseke."

Sikumpa kuku. Hakuna aliyenifundisha kulea mjusi, na wakati ule hakukuwa na simu ya kuuliza. Nilitumia macho. Niliona kwamba kinachomuua ni ukavu. Kiangazi, nyumba imejaa pamba, na pamba inanyonya unyevu wote, hata midomo yetu ilikuwa inapasuka. Nikachukua konzi ya pamba, nikailowesha maji ya mtungi, nikaikamua, nikaitandika kwenye kopo la maziwa ya unga. Kifuniko nikakitoboa kwa msumari. Kwa unyasi nikamdondoshea tone puani. Akatoa ulimi akalamba.

Nilimletea mbu, akakataa. Nikamletea mchwa mdogo, akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nilikasirika sana. Baadaye ndiyo nikajua kwamba mjusi mchanga hali mpaka avue ngozi ya kwanza, tumboni bado ana chakula cha yai. Kwa hiyo nikawa nabadilisha pamba tu. Kila asubuhi naweka mpya, na ile ya jana, yenye majimaji, nairudisha kwenye lundo. Kwetu hakuna aliyetupa pamba. Hata iliyodondoka njiani tulirudi kuiokota.

Ikafika asubuhi ya kupeleka pamba kwenye mizani. Mkokoteni uko nje, ng'ombe wamefungwa, Baba anajaza magunia. Mara akaacha. Alitoa mkono kwenye lundo, akaunusa, akauangalia.

Ninyi mnaelewa. Kwetu pamba yenye maji ilikuwa na maana moja: mwenye nayo anataka kuongeza uzito. Mnunuzi akiingiza mkono akakuta maji, anakutangaza pale pale mbele ya kijiji kizima, na jina hilo linabaki na watoto wako. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Pamba yake walikuwa hawaipekui.

"Nani ametia maji pamba yangu?" akauliza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotutisha. "Nani anataka niitwe mwizi?"

Nikaingia na kopo langu. "Ni mimi. Sikutaka uzito. Nalea mjusi."

Sikuomba msamaha, na sijaomba mpaka leo. Mtoto mdogo anakufa kwa kiu mbele yako, wewe umelalia lundo la pamba na mtungi umejaa, utaomba msamaha wa nini?

"Katupe," akasema.

"Situpi."

Enzi zetu mtoto hakumwambia baba yake "situpi." Mayu aliacha gunia likaanguka. Baba akachukua fimbo ya ng'ombe iliyoegemea mlangoni, na mimi nikakumbatia kopo kifuani, nikamwangalia. Nilishaamua. Anichape, lakini kopo halitoki.

"Lete nimwone huyo anayenifanya mwizi," akasema.

Nikafungua kifuniko bila kuliachia. Yule mjusi alikuwa ameinama, anavuta ngozi ya mguuni kwa mdomo, kama mtoto anavyovua soksi kwa meno. Ikatoka. Vidole vikaachana, kimoja kimoja. Halafu akaimeza ile ngozi.

Baba akabana fimbo kwapani, akainama. "Mama Kabula, njoo uone. Kanakula shati lake."

"Njaa ya nyumba hii," Mayu akajibu. "Kameshajifunza."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalipekua lundo lote, akachomoa kila kipande chenye unyevu, akanirundikia mapajani. "Hii siuzi. Ni fungu la mjusi wako. Ila ukitia tena mkono kwenye pamba yangu, wewe na yeye mtalala kwenye zizi."

Jioni ile mjusi akala mbu wake wa kwanza. Akanenepa, mkia ukajaa. Jioni nyingine, mimi nachambua mboga, Mayu akaniita: "Kabula, mpangaji wako amehama." Alikuwa ukutani, karibu na koroboi, amekaa na wenzake. Kesho yake sikuweza tena kujua ni yupi. Ikabidi niwapende wote.

Sasa turudi kwenye kikao cha juzi. Aliyekiitisha ni Mama Brayani, jirani yangu wa chumba cha pili, mzaliwa wa Kalemela.

"Mama Minza, hapa kuna watoto," akaanza. "Huyo akidondokea kwenye chai?"

"Funika chai."

"Ana ukoma."

"Nani amempima?"

Wengine wakacheka, akanuna. "Watu sasa hivi wanapuliza dawa ndani, wewe unamlea. Kwa nini unaturudisha porini, dada?"

Nikamuuliza: "Kwenu Kalemela, msimu wa pamba ulikuwa unalala wapi?"

Akarekebisha kanga. Akaangalia ndoo zake.

"Nakuuliza, Mama Brayani. Na ukutani juu ya kichwa chako kulikuwa na nani?"

"Hayo ya zamani," akasema. "Mwenye nyumba atakuja kuamua."

Ya zamani. Kwani sisi ni wa lini? Brayani anakutajia majina ya mijusi mikubwa iliyokufa dunia haijakaa sawa, ameyaona kwenye simu, lakini kifaranga kikipita anapanda kiti. Simlaumu mtoto. Wa kulaumiwa ni sisi tulioinuka kutoka kwenye pamba, tukajifuta nyuzi kichwani, tukawaambia watoto kila kinachotembea ni adui.

Minza aliniuliza dawa ya mjusi wake, nikamwambia ni pamba yenye maji. Akaniuliza pamba iko wapi. Nikasimama katikati ya chumba. Mimi, binti wa Ipililo, sina konzi ya pamba. Malori yanapita barabarani yamejaa mpaka yanamwaga, na mimi nimeenda duka la dawa kununua pamba ya kwenye karatasi. Muuzaji akauliza kama nina kidonda. Nikamwambia nina mgonjwa.

Tuliitandika kwenye kopo. Minza akainusa.

"Mama, pamba ya kwenu ilikuwa inanukaje?"

Nikajaribu kumweleza. Jua, nikasema. Vumbi. Mafuta kidogo. Akanusa tena, akatikisa kichwa. Ile ya dukani hainuki chochote.

Mjusi bado hajavua ngozi. Leo asubuhi amelamba tone moja, akafumba macho. Mwenye nyumba anakuja Jumamosi. Nimemwambia Minza asiogope na asifiche kopo, aliweke dirishani lionekane. Mzee akisema tumtoe, nitamjibu kama nilivyomjibu baba yangu. Na akisema basi tuhame, tutahama. Godoro na masufuria vitafuata na bodaboda. Kopo nitalibeba mwenyewe, mkononi, na litatangulia.