Nyama ya Krismasi Haionjwi

Mama mkwe wangu ni Mgoa, Mhindi Mkatoliki wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Upanga, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyezoea kubishana bei na muuza samaki mlangoni. Mume wangu, mwanawe, aliletwa Kanada akiwa mdogo. Kiswahili anakielewa chote, hata ukimsengenya anajua, lakini akifungua mdomo ni Kiingereza. Watoto wetu ndio usiseme kabisa. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, naifanyia nyumbani, kwa hiyo pale Mississauga tunakokaa, tangu mume wangu anapokimbilia treni asubuhi mpaka jioni anaporudi, mtu wa kuongea naye nilikuwa naye mmoja tu, huyo bibi. Tuliongea kutwa nzima. Tuliwateta majirani, tukawateta na wasiokuwa majirani.

Nayasema haya mapema kwa sababu niliyoyafanya Desemba ile wifi yangu aliyaita vituko. Sikuwa nafanya vituko. Nilikuwa naogopa kuachwa peke yangu kwenye nyumba ile.

Kwa Wagoa, Krismasi bila sorpoteli si Krismasi. Ni nyama ya nguruwe na maini, vimekatwa vidogo vidogo, vimekaangwa, vikachemshwa kwenye siki na viungo vya kusaga. Inapikwa siku kadhaa kabla ya sikukuu, halafu kila siku inapashwa moto na kuachwa ilale, siki izidi kuingia. Sasa kazi iko hapa: mama mkwe hali nyama Majilio yote, zile wiki nne za kungojea Krismasi, mpaka atoke Misa ya mkesha. Nyama hiyo anaipika bila kuionja. Ananusa tu. Anainamia sufuria, anafumba macho, anasema bado, au anasema tayari, na ikiwa tayari ni tayari kweli. Mwaka wangu wa kwanza nilichota mchuzi nikaudondoshea kiganjani, kama nilivyolelewa, akanidaka mkono kabla sijaulamba.

"Nyama ya Krismasi haionjwi, mwanangu. Mdomo usubiri."

Basi, baridi ya mwanzoni mwa mwaka ule aliugua mafua mabaya, yakamlaza wiki nzima, na alipoinuka hakuwa yule. Chai yake ya viungo, ambayo watu walikuwa wanaifuata kutoka mjini, akaanza kuitia karafuu mpaka ulimi unakufa ganzi. Maziwa yaliyochacha akayapikia wali mtamu, akatuandalia, akakaa anatutazama tukila. Halafu siku moja ya Novemba king'ora cha moshi kikalia. Niliposhuka mbio nikamkuta amesimama mbele ya jiko, bizari imekuwa mkaa, moshi umemzunguka, na yeye anakoroga taratibu tu.

Wifi alikuja siku hiyo hiyo. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa mjini Toronto kwenye ghorofa refu, na naomba nimtendee haki, si mtu mbaya. Alimshika mama yake mkono akamuuliza taratibu kwa nini hakuzima jiko. Mama akasema alisahau. Wifi akaingia bafuni akafungulia maji ili tusimsikie analia. Tulimsikia.

Hazikupita siku nyingi akawa ameshapata chumba kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mahali pasafi, kuna manesi. Yeye na mume wangu walitakiwa kujibu mara baada ya sikukuu kama wanakichukua. Mama hakuambiwa. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Mume wangu akasema, kwa Kiingereza chake cha upole kinachonitia hasira kuliko matusi, kwamba siku nyingine nitakuwa nimeenda dukani na nyumba itaungua na mama ndani. Mwisho wifi akasema tule Krismasi kwanza, tumtazame atakavyokuwa, ndipo tuamue.

Mimi nikashikilia hapo hapo. Nilijiambia: nyama ikitoka kama ya zamani, nani atasema bibi huyu akili imemruka? Wataila, watanyamaza, chumba kitapewa mzee mwingine. Nililala na kuamka na nyama ile kichwani. Nikawa namchunguza Mama kama polisi. Namuuliza leo ni siku gani, anajibu. Namuuliza mwaka gani tulinunua jokofu, anajibu, na bei anataja. Nilikuwa nachanganyikiwa. Mtu anakumbuka bei ya jokofu, anasahauje kuzima jiko?

Siku ya kukaanga viungo nilianza kwa kuyafungia makoti chumbani. Kila anayepika chakula cha Kihindi huku anajua: wakati wa baridi madirisha hayafunguki, na koti likishanusa kitunguu saumu, mume ataingia nalo kwenye treni na watu watasogea. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo. Mama akaweka kikaango motoni, akamimina bizari nyembamba, pilipili manga, karafuu, vijiti vya mdalasini. Nikasimama nyuma yake. Harufu ikaanza kupanda, kwanza ile ya udongo, kisha ile tamu. Nikangoja aseme tayari. Akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Bado," akasema.

Bizari ikaanza kugeuka rangi. Koo likaniwasha. "Mama, inaungua."

"Bado, nimesema."

Nikaangalia uso wake karibu. Hakuwa mtu aliyesahau. Alikuwa anavuta hewa kwa nguvu, tena na tena, mishipa imemtoka shingoni, anatafuta kitu na hakipati. Nikauondoa mkono wake, nikazima jiko. Nikachukua kikopo cha karafuu, nikakifungua, nikamziba macho kwa kiganja changu na kumwekea kikopo chini ya pua. "Hii nini?"

Akavuta pumzi mara mbili, tatu.

"Mama, niambie hii nini."

"Iliki," akasema, na kiganja changu kikalowa machozi.

Nilimkumbatia huku nacheka kama mwehu. Pua! Ilikuwa pua tangu mwanzo, yale mafua yaliondoka nayo. Akili yake nzima, macho mazima, ni pua tu. Nikamwambia naenda kumpigia simu mume wangu sasa hivi. Akanikamata gauni.

"Usithubutu."

"Mama, wanadhani umerukwa na akili."

"Waache wadhani. Mzee akisahau anaonewa huruma. Mpishi asiyesikia harufu ni nani? Kila nilichowapikia mwaka huu watakitapika."

Ndipo nikamwambia habari za chumba. Sikupanga, lakini ningefanyaje? Nilimweleza yote, na manesi, na kwamba jibu linangojwa. Hakuuliza hata swali moja, ila aliniapisha kwamba habari ya pua haitatoka jikoni. Alivuta kiti akakaa, akaanza kuzitoa vikonyo pilipili nyekundu, moja moja, na alipozimaliza akasema tumwage viungo vilivyoungua tuanze upya.

Tukaanza upya. Safari hii mimi ndiye niliyeinamia kikaango, yeye kando, amenishika kiwiko. "Unasikia nini?" ananiuliza. Namwambia nasikia udongo uliolowa. "Bado." Namwambia sasa nasikia kama njugu. "Bado kidogo." Namwambia imekuwa tamu, inapanda puani, inakaribia kuuma. "Epua." Tukafanya hivyo kwa kila kitu, kwa pilipili, kwa vitunguu, kwa siki ilipokuwa inapoteza ukali wake. Niliomba nionje tone moja tu, nijue kama tumepatia, akakataa katakata. Nilimwambia Mama, maisha yako yamo humu kwenye sufuria. Akasema ni Majilio.

Tukaipasha kila siku. Kila siku nilifungua mfuniko nikanusa nikamweleza, na yeye akaniambia la kufanya. Yalikuwa maongezi mazuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Mchana wa Krismasi wakakaa mezani. Theluji ilianguka tangu asubuhi na wifi alichelewa barabarani. Nikaleta sorpoteli na mikate ya mchele ya mvuke. Mume wangu akaweka tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Akamwangalia mama yake, macho yamejaa. Wifi akala, akaongeza, akala tena, nami nikawa nahesabu vijiko vyake kama mtu anayesubiri hukumu. Kisha akajifuta mdomo.

"Umepika wewe," akaniambia.

"Amepika Mama."

"Wewe ndiye umepika, na nakushukuru. Lakini usitufanyie vituko. Mama hasaidiki kwa kufichiwa hali yake."

Hapo damu ikanichemka na ahadi yangu ikaenda na maji. Nikawaambia yote. Nikasema ni pua, haisikii harufu tangu mafua, akili yake ni nzima kuliko yangu, mpelekeni kwa daktari kesho apimwe. Nilizungumza Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, nimesimama. Wifi akageuka. "Mama, ni kweli?"

Mama mkwe akachukua sahani yake, akaisogeza puani, akafumba macho kama zamani.

"Pua yangu haina neno," akasema. "Nasikia siki, nasikia karafuu. Sijui huyu anasema nini. Labda nilimwambia, nikasahau."

Wote wakaniangalia mimi. Mume wangu akaniomba nikae. Nilikaa.

Nilimfuata Mama jikoni, wifi alipotoka kuondoa theluji kwenye gari. Nilikuwa nalia kwa hasira, sikujali heshima. Nikamwuliza kwa nini amefanya vile, kwa nini ameniacha nionekane mwongo, nilikuwa nampigania yeye abaki nyumbani.

Akafunga bomba. "Wewe ulitaka nibaki nyumbani, mwanangu. Mimi nataka kutoka jikoni. Mwaka mzima nimesimama hapa najifanya nanusa. Kule chakula kinaletwa kwenye trei. Hakuna atakayeniuliza kama kimeiva."

"Basi usipike. Kaa tu. Nani amekulazimisha kupika?"

"Nikae kwenye nyumba hii nisipike," akasema, kama anayejaribu kuliona jambo lenyewe, akatikisa kichwa.

"Na mimi je, Mama? Mimi nitaongea na nani?"

Alikaushia mikono kwenye aproni, muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Kisha akanijibu kwa Kiingereza, kile cha taratibu anachowajibia wanawe. Alisema si mbali, nitakuwa naenda kumwona Jumapili. Tangu niolewe hakuwahi kuniambia hata neno moja kwa lugha ile, na sikujua nimjibu kwa ipi.