Chupa Tatu za Lambo la Kitanga

Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya lambo la Kitanga kila mwezi, kujaza chupa tatu, kuzipanga kwenye boksi lenye barafu na kuzipakia ndani ya basi zipelekwe maabara. Majibu yalirudi yaleyale: hakuna sumu. Niliyabandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na sikatai, nilijiona mtu.

Mwishoni mwa kiangazi lambo lilifunikwa na ukoga wa kijani, mzito kama uji. Jirani yangu, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, akaja kuniuliza.

"Mwana wanje, nimunyweshe pale, au nimupeleke mutoni?"

Mtoni ni mbali, na magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Mnyweshe tu, mama. Karatasi imesema ni salama."

Siku ya tatu ng'ombe alianguka ukingoni mwa lambo, hakuinuka tena. Wapo waliosema amelogwa, wengine nyoka. Mimi niliwaunga mkono waliosema nyoka, ilinifaa.

Wiki iliyofuata alikuja mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mpole, akaniomba nichote kama siku zote. Nikachutama, nikasukuma ukoga kwa kitako cha chupa, kushoto na kulia, nikazamisha mkono, nikatoa maji safi. Huku kwetu sote tunachota hivyo. Asiyesukuma huonekana hakufunzwa na mama yake.

"Umesukuma nini hapo?" aliuliza.

"Uchafu."

"Mimi nimeufuata huo uchafu."

Hakunigombeza, aliandika tu, kisha akanieleza kwamba ukoga wa namna hiyo huweza kubeba sumu. Miaka yote nilikuwa nikiipelekea maabara maji niliyoyachagua kama ya kumpa mgeni, na ng'ombe hajui kusukuma ukoga. Niliona aibu, nikakosa pa kuficha uso.

Jioni nilikwenda kwa yule mjane, nikamweleza yote. Alikuwa ameipua sufuria ya maji ya kunywa aliyochota lamboni, wajukuu wawili wakisubiri yapoe.

"Na haya niliyochemusha?"

"Kuchemsha hakuondoi sumu ya ukoga, mama."

"Kwa hiyo yana sumu?"

"Hatujui. Ndiyo kwanza tunaanza kupima."

Aliwageukia wajukuu.

"Sasa leo hawa wanywe nini?"

Akawajazia vikombe, nami nikasimama pale mpaka wakamaliza kunywa.