Hizi Mbili Umempa Nani?

Nilimwahidi mpwa wangu Upendo, aliyeko darasa la nne, kwamba nitamweleza kwa nini harufu ya maharage ya nazi hunichosha. Jumapili alinionyesha mtihani wake wa hisabati, arobaini na nane kwa hamsini, nami nikamtania bila kufikiri: "Na hizi mbili umempa nani?" Alicheka kidogo, kisha akaisogeza mbali sahani yake ya ubwabwa na maharage. Nilijua alichokuwa akikifanya. Niliwahi kukifanya.

Utani ule ulikuwa wa mama. Tulikaa Chang'ombe, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na mama, mwalimu aliyetoka Moshi, aliutoa kila nilipoleta karatasi, huku akikoroga maharage yake ya nazi. Wenzangu wangecheka. Mimi nilikwenda kuzitafuta hizo mbili. Nilifuta na kuandika upya hadi daftari likatoboka, na kwa kila alama niliyopoteza nilirudisha tonge la ugali kwenye sufuria, kwa kuwa niliona sikulistahili.

Kanisani kwetu watahiniwa wa darasa la saba walifunga na kuomba kwa siku tatu. Zilipokwisha, mimi niliendelea, nikasifiwa mbele ya waumini. Kaptula iliponipwaya, mama aliipunguza kiunoni, akasema kwa fahari kwamba narefuka.

Aliyeona ni jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa Mtwara, siku aliyokuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Mwalimu, huyu mtoto ana nini?"

"Anafunga, shoga yangu. Mtihani umekaribia."

"Mh! Sie nasi tunafunga, lakini jua likizama tunafuturu. Huyu wako anafuturu saa ngapi?"

Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikazunguka vikakutana, naye akaketi sakafuni na mwiko wake. Maharage yakaungua.

"Baba, nani kakukosea?" mama aliniuliza.

Sikuwa na wa kumtaja. Ilinichukua miaka, na safari nyingi za hospitali, kuizoea tena sahani iliyojaa. Hata leo, siku ninayokosea kazini, mkono wangu husita mezani.

Nilichelewa kuelewa kwamba mama hakuwahi kuzidai zile mbili. Alikuwa akizifurahia arobaini na nane kwa maneno aliyoyasikia kwa baba yake, naye hakujua mengine. Mimi niliyesoma hadi chuo, niliyeapa kuyaacha, yalinitoka kinywani kabla sijaketi vizuri.

Jana niliitimiza ahadi. Upendo alisikiliza hadi mwisho, akala nusu ya chakula chake, akaniuliza kama nusu inatosha. Nilimwambia kwa leo inatosha, na kwamba kesho tutakula pamoja.

Nawe msomaji, nakuomba: mtoto akikuletea karatasi yake, mpakulie kwanza, na hizo mbili usimuulize.