Mngurumo Darini

Ijumaa ile nilipanda darini kwenye ofisi ya mizigo, Changamwe, kutafuta waya wa mtandao ambao hakuna aliyejua ulipopita. Fundi mkuu, mzee wa Likoni aliyenifunza kazi, alikuwa ameuchomoa kwenye mtambo wake na kuuunga kwenye kidude cha kutoa mlio. Mimi nilikuwa na kalamu ya kusikilizia. Ikikaribia waya wenyewe, inalia ti-ti-ti.

"Kwenye stima haitalia hivyo," aliniambia siku ya kwanza kabisa. "Itanguruma. Ukisikia mngurumo, mkono rudisha."

Adhana ilipolia nilimwambia, "Nenda tu ukaswali, baba. Hapa nitamaliza mwenyewe."

Nilitambaa kwa tumbo chini ya mabati yaliyokuwa yakichoma kama kikaango. Mlio ulinipitisha kwenye mwanya mwembamba kati ya boriti mbili, kisha ghafla kalamu ikanguruma. Nilimulika tochi. Waya wa stima, ganda lake limetafunwa na panya, shaba yake nje, haukuwa hata shibiri moja kutoka begani mwangu.

Nilitaka kurudi nyuma. Nikavutwa kiunoni: ovaroli ilikuwa imenasa msumarini. Ili kuinasua ilibidi nijigeuze ubavu, na kujigeuza kungenipeleka kwenye shaba. Simu nilikuwa nimeiacha mezani, isinisumbue.

Niligonga dari kwa ncha ya kalamu.

"Panya gani hawa wakubwa hivi!" sauti ya karani wa kike ikasema chini yangu.

"Si panya, dada! Ni fundi! Nimenasa, na hapa pana waya wazi. Nenda ukazime stima kwenye swichi kubwa!"

Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha karani yule akajibu, "Ngoja nimuulize meneja."

Alirudi upesi. "Anasema ungoje kidogo. Kuna karatasi za mzigo zinatumwa, kompyuta zisizimwe."

Nilisubiri. Jasho lilinitiririka machoni nikaogopa hata kulifuta. Nilimfikiria mamangu kule Chaani, aliyekuwa akiwaambia majirani kwa fahari kwamba bintiye ni fundi wa kompyuta, anafanya kazi kwenye kiyoyozi. Mguu ulikufa ganzi. Mara mbili karani aliita, "Dada, bado uko?" Nami nikajibu kwamba nipo, niende wapi?

Mwishowe nikasikia viatu nilivyovijua.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Bado yuko juu, mzee, amenasa. Lakini meneja amesema..."

Hakungoja amalizie. Feni zilizima, ofisi nzima ikalalamika, na sauti ya meneja ikapanda juu ya zote. Mzee akaja chini ya dari niliponasa. "Nimezima, na swichi nimeifunga kwa kufuli," aliniita. "Ufunguo ninao mfukoni. Lakini usiuguse waya hata hivyo. Jigeuze polepole."

Nilijigeuza. Kitambaa kikachanika.

Nilipofika kwenye ngazi, mzee alikuwa amepanda kunipokea. Alinishika mkono kama mtoto. Meneja alikuwa bado anafoka kuhusu karatasi zake. Mzee akamwambia, "Waya ule utafunikwa kwanza, ndipo stima irudi. Wallahi, bila hivyo hairudi." Akavua kofia yake ya sala, akaikunja, akachukua tepu na tochi, akapanda mwenyewe na magoti yake mabovu.

Karani aliniletea maji. Hakuweza kunitazama. Nami sikuwa na hasira naye. Naye pia alikuwa na mtu juu yake.